Boriti Ikiwa Hewani

Siku Xaveria alipomvunja mkono shemeji yake, hakuna kitu kilichoanguka. Hilo ndilo watu walilomrudishia usoni kila alipojaribu kujieleza: kwamba boriti ilitua salama mahali pake, kwamba waya hazikukatika, kwamba Jovin angepita tu na mama yake kwenye pikipiki akafika hospitali na mkono mzima.

Ilikuwa asubuhi ya siku ya soko. Mvua ilikuwa imeacha udongo mwekundu wa bonde ukiteleza kama umepakwa mafuta. Daraja la zamani chini ya Nyabiyonza lilikuwa limeshabomolewa kupisha jipya, kwenye ile barabara iliyokuwa ikipanuliwa kuelekea Kyerwa, na wajenzi walikuwa wameacha tuta jembamba la udongo ambalo watu walipitia kuvuka mto. Ubaya ni kwamba tuta lenyewe lilipita pale pale kreni ilipozungushia mkono wake. Asiyetaka tuta alipaswa kuzunguka kwa njia ya Chonyonyo, mwendo wa kumtoa mtu roho, na waendesha bodaboda hawakutaka hata kuusikia.

Kazi ya Xaveria ilikuwa kuwazuia. Alisimama mwanzoni mwa tuta na kizibao chake cha rangi ya chungwa, filimbi mdomoni, nyuma yake utepe mwekundu na mweupe uliofungwa kwenye vipande vya bomba la chuma vilivyochomekwa ardhini. Kila boriti ya zege iliponyanyuliwa, alipiga filimbi na kufunga njia. Ikishatua, alifungua. Watu walimtukana wakati wa kufunga, na wengine walimtukana hata wakati wa kufungua.

Boriti ya pili ya asubuhi ile ilikuwa juu ya tuta kabisa, inajizungusha taratibu kwenye waya zake, aliposikia pikipiki inateremka kwa kasi. Alimtambua Jovin, mdogo wa mume wake, kabla hajafika. Nyuma yake alikaa mama yao, Celestina, amefungwa kwa kitenge kiunoni mwa mwanawe ili asidondoke, kichwa kimelala begani kama cha mtoto.

"Shemeji, simama!"

"Mama hajitambui! Toa huo utepe!"

"Boriti iko juu. Ngoja ishuke, haichukui muda."

"Wewe huoni? Mama anakufa mgongoni kwangu!"

Xaveria alimwona mkwewe. Aliona midomo iliyokauka na macho yaliyogeuka juu. Lakini alishika usukani wa pikipiki kwa mikono miwili na hakuuachia. Jovin akampiga kofi la nyuma ya mkono lililomwondoa kofia kichwani. Hakuachia. Akampiga teke la tumbo. Xaveria alirudi nyuma akiwa ameinama, hewa imemtoka yote, na Jovin akavuta mafuta. Tairi la mbele likaukamata utepe, likaung'oa pamoja na bomba moja.

Bomba lile liliangukia miguuni mwake. Xaveria aliliokota, akapiga hatua, akalishusha kwa nguvu zake zote juu ya mkono ulioshika mpini wa mafuta.

Mlio wa mfupa aliusikia waziwazi, licha ya injini. Pikipiki ililala ubavu, ikasota kwenye tope, na Jovin akaanguka nayo huku mama yake akiwa bado amefungwa kiunoni mwake. Alipiga ukelele uliowafanya wafanyakazi ng'ambo ya mto waache kazi na kutazama. Xaveria alitupa bomba, akakata fundo la kitenge kwa meno, akamshika mkwewe makwapani na kumburuta kurudi nyuma, mbali na tuta. Kisha akarudi kumburuta Jovin kwa ukosi wa koti, naye anamtupia mateke na kumwita mchawi.

Juu yao boriti ilibaki imesimama. Deodatus, opereta wa kreni, alikuwa ameona kila kitu kupitia kioo chake na hakuigusa mpaka njia ilipokuwa tupu. Ndipo alipoipeleka mahali pake akaitua bila hata kishindo.

*

Watu waliosema kwamba Xaveria ana roho ya chuma hawakuwapo siku ya Melkiory.

Wakati huo, kabla hajapewa filimbi, Xaveria alikuwa kibarua wa kumwagilia zege maji, na Melkiory alikuwa fundi wa kufunga waya kwenye mizigo, kijana wa Ihanda aliyependa utani. Hakukuwa na utepe wala mtu wa kuzuia. Boriti ilipokuwa inapita juu, Melkiory alikumbuka koleo lake upande wa pili akakimbia kulichukua. Waya mmoja ukateleza kwenye ncha ya zege. Boriti haikuanguka yote. Ilishuka kichwa kimoja, kama mtu anayepiga magoti, na kichwa hicho kilimpata Melkiory kuanzia kiunoni kwenda chini.

Xaveria ndiye aliyekuwa karibu. Alipiga magoti akamshika kichwa. Melkiory alikuwa bado anasema. Alimwuliza mara kwa mara kama koleo limeonekana. Damu ilitoka chini ya zege ikafuata mchirizi wa maji aliyokuwa akimwagilia, ikateremka mpaka mtoni, naye akabaki ameshika kile kichwa hata baada ya maneno kukoma, mpaka vidole vyake vikabanduliwa na mikono ya wengine.

Siku ile ile ndugu za Melkiory walikuja na mapanga kumtafuta Deodatus. Alifungiwa ndani ya kontena la vifaa mpaka polisi walipofika, na mlango wa kontena ulibaki na alama za mapanga. Alikuwa mtu wa Muleba, mzee wa makamo, mwenye sauti ndogo. Aliporudi kazini alisema hatanyanyua kitu chochote mpaka awepo mtu wa kufunga njia, na alipoulizwa anamtaka nani, alimwonyesha Xaveria.

"Kwa nini mimi, mzee?" Xaveria alimwuliza.

"Kwa sababu wewe hutasahau."

Alimfundisha alichokijua. Namna ya kukagua waya uliokatika nyuzi, mbao za kulazwa chini ya miguu ya kreni udongo ukiwa laini, umbali wa kukaa na nyaya za umeme. Alimfundisha pia lugha ya mikono: kidole kinachozunguka juu maana yake nyanyua, kikizunguka kimeelekea chini maana yake shusha, mkono ulionyooshwa maana yake geuza upande ule, mikono yote miwili ikitandazwa maana yake simama hapo hapo. Kupiga ishara haikuwa kazi ya Xaveria, ilikuwa na mtu wake. Lakini alijifunza zote.

*

Hospitalini Celestina alikutwa na malaria kali. Alilazwa, akatundikiwa dripu, akapata nafuu. Jovin alifungwa hogo la plasta kutoka kiwiko mpaka vidoleni. Kabla hata ya hogo kukauka, ukoo ulikuwa umekaa.

Walikaa nyumbani kwa Anatory, baba mkwe wa Xaveria, sebuleni chini ya picha ya ubatizo. Xaveria alipiga magoti akaamkia wakubwa wote shikamoo, na hakuna aliyeitikia isipokuwa Anatory mwenyewe. Mumewe, Projest, alikaa pembeni akitazama mikono yake.

"Mwanangu," Anatory alianza, "nataka nielewe. Siku ile kitu gani kilianguka?"

"Hakuna, baba."

"Waya ulikatika?"

"Haukukatika."

"Basi Jovin ulimpigia nini?"

Xaveria alifungua mdomo. Alitaka kusema habari za Melkiory, koleo lake, kile kichwa kizito mikononi mwake. Lakini wote waliokuwa pale walizijua habari za Melkiory, na kwao ilikuwa bahati mbaya ya mtu mmoja wa Ihanda.

"Angepita chini yake, baba," alisema.

"Na wangapi wamepita chini yake wakafika?"

Walimwambia amwombe Jovin radhi. Alimgeukia, akamtazama ule mkono uliovimba vidole mpaka vikawa vyeusi.

"Shemeji, nakuomba radhi kwa mkono wako. Nimekuumiza na inaniuma. Lakini kwa kukuzuia, siombi."

Jovin alimtemea mate. Yalimpata kifuani. Mashangazi wakaanza kupiga kelele wote kwa pamoja, na kikao kikavunjika hivyo.

Walipofika nyumbani na kufunga mlango, Projest alimpiga. Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwa amewahi. Alimpiga ngumi moja ya shavu, Xaveria akayumba akashika meza, na vikombe vikaanguka. Projest akabaki ameshika ngumi yake kwa mkono mwingine kana kwamba ndiyo iliyoumia.

"Ni mdogo wangu," alisema. "Ni mama yangu aliyelala kwenye tope. Nifanye nini, mama Liliane? Niambie nifanye nini!"

"Usinipige tena," Xaveria alisema. "Hilo la kwanza. Mengine sijui."

Jumamosi iliyofuata walikuja waendesha bodaboda wenzake Jovin. Walikuja mchana kweupe, pikipiki zaidi ya kumi, honi zinalia. Mbele alikuwa Ambrose, rafiki wa Jovin tangu shule ya msingi, mtu mwenye mabega mapana na cheko la haraka. Siku hiyo hakucheka. Waliegesha barabarani wakaingia na mapanga kwenye kibanja cha Projest, wakaanza kukata migomba.

Mtu asiyetoka kule huenda asielewe. Kibanja kile alikipanda babu yake Projest. Migomba ilizunguka nyumba kama ukuta, na mingine ilikuwa imebeba mikungu iliyobakiza wiki chache. Panga likipiga, maji yanatoka, mgomba unasimama kidogo kama unafikiri, kisha unalala na mkungu wake. Ulikuwa unasikika mlio wa majimaji, pigo baada ya pigo, nyumba nzima ikizidi kuwa wazi kwa jua.

Xaveria alitoka na jembe. Alimpiga wa kwanza kwa mpini mgongoni, wa pili akamkosa, wa tatu ndiye aliyemnyang'anya jembe na kumsukuma kwenye shimo la mbolea. Alipoinuka aliona kitu ambacho hakukitarajia: Projest amemrukia Ambrose shingoni. Walianguka pamoja juu ya majani, wakagaragara, wakiumana na kupigana vichwa. Mtu mmoja akaja kumsaidia Ambrose na panga lake likampitia Projest begani, likafungua nyama mpaka weupe ukaonekana.

Damu iliwashtua wote. Mapanga yakashuka.

"Mwambie mkeo akaishi na kreni yake," Ambrose alisema akihema, mdomo wake umepasuka. "Hapa hana watu."

"Hapa ni kwake," Projest alisema kutoka chini. "Ondokeni."

Wakaondoka. Xaveria alilibana lile bega kwa kanga mpaka wakafika zahanati, na njia nzima Projest aliegemea mwili wake wote juu yake.

*

Kazini msimamizi alimwambia apumzike nyumbani kwanza, mpaka maneno yapoe. Mahali pake waliwekwa walinzi wawili wenye virungu, kwa sababu, alivyosema msimamizi, imeonekana watu wa huku wanaelewa lugha hiyo. Xaveria aliyasikia maneno hayo. Alijua yalitoka wapi. Yalitoka kwenye bomba lake.

Celestina alipotoka hospitali alirudi kwake akiwa dhaifu, na kila asubuhi Xaveria alimpelekea uji, awe ameitwa au hakuitwa. Siku za kwanza mama mkwe alikunywa bila kumtazama. Kisha asubuhi moja akashika kikombe kwa mikono miwili, akasema:

"Niliiona."

"Uliona nini, mama?"

"Nilipoanguka. Nililala chali, macho yakafunguka, sikuona mbingu. Niliona kitu cha kijivu, kirefu, kimefunika kila mahali. Nikadhani ndiyo kufa kwenyewe." Akanywa uji kidogo. "Jovin hakuiona. Yeye alikuwa anatazama mbele. Nimemwambia lakini hataki kusikia, anasema ni homa."

Xaveria alikuwa anapokea kikombe waliposikia makelele kutoka bondeni. Si kelele za kazi. Zilikuwa sauti za watu wengi, na katikati yake kioo kikavunjika.

Alikimbia. Alikata njia ya vichaka akiteleza, na alipotokeza juu ya bonde aliliona jambo lote mara moja.

Walinzi walikuwa wamempiga mwendesha bodaboda mmoja kirungu cha kichwa kwa sababu ya kuvuka utepe. Kijana huyo alikuwa amelala pembeni mwa tuta, uso wote damu, mwenzake amemshika. Wengine walikuwa wamejaa tutani kwa makumi, na mawe yalikuwa yanaruka kuelekea kreni. Walinzi walikuwa wameshakimbilia mtoni. Mpiga ishara naye alikuwa ametupa kofia yake na kutokomea. Na juu ya umati huo wote, boriti ilikuwa inaning'inia.

Ndani ya kreni Deodatus alikuwa peke yake. Kioo cha mbele kilikuwa kimevunjika chote. Jiwe lilikuwa limempiga usoni na jicho moja lilikuwa limefunikwa na damu. Kila jiwe lilipompiga alishtuka, mkono wake ukashtuka kwenye mitambo, na boriti ikayumba kama bembea, huku na huku, juu ya vichwa vya watu waliokuwa wanatazama kila kitu isipokuwa hiyo.

Xaveria alipiga yowe mpaka koo likachanika, lakini hakuna aliyesikia. Akashuka mbio akaingia katikati yao, akisukuma, akipigwa viwiko, na karibu na ukingo wa tuta akakutana uso kwa uso na Jovin, hogo lake limening'inia shingoni, jiwe katika mkono mzima.

"Jovin! Tazama juu!"

Alimtazama yeye kwa chuki. Akainua jiwe.

"Tazama juu, nakuomba! Kisha nipige!"

Huenda ni kule kuomba. Jovin aliinua macho. Boriti ilikuwa inarudi kutoka upande wa pili wa bembea yake, na kivuli chake kikampita usoni. Jiwe likamponyoka. Rangi ilimtoka uso mzima, akageuka akaanza kuwasukuma wenzake kwa bega na hogo lake bovu, akipiga kelele kwa Kinyambo, tokeni, tokeni.

Xaveria alipanda rundo la kokoto lililokuwa mbele ya kreni, mahali ambapo jicho moja la Deodatus lingeweza kumpata. Alitandaza mikono yote miwili. Simama.

Alimwona opereta akiganda. Alimwona akimtambua.

Akanyoosha mkono kuelekea mtoni. Geuza. Kreni ikanguruma, mkono wake mrefu ukaanza kuzunguka pole pole, na boriti ikasogea. Jiwe lilimpiga Xaveria pajani. Lingine likampiga mdomoni, akahisi meno yakivunjika na mdomo kujaa chumvi. Hakushusha mkono. Geuza. Geuza. Boriti ikapita juu ya vichwa, na sasa watu waliona, kwa sababu kivuli kiliwapitia mmoja mmoja, na umati ukapasuka ukaanza kukimbia kwa kukanyagana. Tuta likawa tupu. Boriti ikafika ukingoni, ikaanza kutokeza juu ya mto ambako hakuna mtu. Zilibaki sekunde chache tu.

Lakini Ambrose hakuwa tutani. Alikuwa amepanda kreni kutoka nyuma, na wakati wote huo hakuona boriti wala hakumwona Xaveria. Aliliona koti la Deodatus tu. Alipenyeza mikono yake mipana kwenye dirisha lililovunjika, akamkaba opereta, akamvuta kwa nguvu zake zote.

Deodatus alivutwa pamoja na mpini wa mtambo alioushika.

Boriti ilishuka ghafla. Kichwa chake kimoja kilipiga ukingo wa mto kwa kishindo kilichotikisa kokoto chini ya miguu ya Xaveria, na kreni ikaruka nyuma na mbele kama ng'ombe aliyepigwa. Ambrose alirushwa. Alipaa juu ya ngazi, akaanguka ukingoni kwenye udongo uliolowa, akaanza kuteleza. Alijaribu kushika majani. Boriti ilikuwa inageuka pole pole upande wake, ikitafuta mahali pa kulala, na ilimkuta pale akiwa bado ameshika majani. Hakupiga kelele. Ulisikika mlio mmoja tu, wa kitu kizito kinachoketi, na miguu yake miwili iliyobaki nje ikacheza kidogo kisha ikaacha.

Baada ya hapo kulikuwa kimya mpaka mto ukasikika.

*

Walimzika Ambrose nyumbani kwao, jeneza limefungwa misumari ili mama yake asilifungue. Xaveria alikwenda. Alijua hatakiwi, lakini kutokwenda kungekuwa kubaya zaidi. Wanawake waliokaa kwenye mkeka walisogea wakamwachia nafasi kubwa kuliko mtu mmoja anavyohitaji, naye akakaa katikati ya nafasi hiyo, mdomo umevimba. Baadaye kidogo Celestina alikuja akijikongoja, akaketi ubavuni mwake.

Jovin alimfuata wakati watu wanatawanyika. Macho yake yalikuwa mekundu na alinuka pombe ya rubisi.

"Siku ile ulikuwa na bomba," alisema.

"Shemeji..."

"Nakuuliza. Mimi ulinipiga ukanivunja. Mbona Ambrose hukumpiga? Mbona juzi hukuwa na bomba?" Alimshika nguo kifuani akamtikisa. "Mbona hukumvunja? Angalau angekuwa na mkono mbovu! Angekuwa na mkono mbovu kama huu!"

Projest alikuja kumwondoa. Haikuhitaji nguvu. Jovin aliachia mwenyewe, akaegemeza paji la uso kwenye bega zima la kaka yake, akalia kama mtoto.

Deodatus alipoteza jicho. Watoto wake walikuja kumchukua kumrudisha Muleba, na Xaveria alipokwenda kumuaga alimkuta amekaa kitandani na bendeji, ananyoa ndevu kwa kupapasa. Hakutaka kuzungumzia siku ile. Alisema tu kwamba aliziona ishara zake vizuri.

Kazi ilisimama. Polisi walikuja wakaondoka, wakaguzi wakaja wakaondoka. Kisha asubuhi moja mhandisi mkuu wa mradi, Prudensia, mama wa Bukoba mwenye miwani, alikuja mwenyewe mpaka kibanjani, akapita kati ya visiki vya migomba akitazama chini, akakaribishwa kiti.

"Tunaanza tena," alisema. "Nataka urudi. Si kwenye utepe. Nataka uwe mpiga ishara."

Xaveria alikuwa akimenya ndizi.

"Watu watapita wapi, mama?"

"Tutaongeza utepe, na polisi watakuwepo."

"Siulizi nani atawazuia. Nauliza watapita wapi. Mimi nikirudi pale na watu bado hawana njia, nitampiga mtu mwingine. Nitampiga mgonjwa, nitampiga mwenye mimba, kwa sababu nitakuwa nimeona boriti. Na walinzi watapiga. Na wao watarudi na mawe."

Prudensia alivua miwani akaipangusa na ncha ya blauzi. "Huo mchepuko, njia ya kuzunguka kreni, nimeuomba tangu Melkiory," alisema. "Kila nikiomba wanasema daraja litakwisha kabla ya mchepuko. Sasa wamekubali. Umekubaliwa juzi." Akaivaa tena. "Lakini utachukua wiki mbili, na wanataka boriti zianze kesho."

"Basi mimi nitarudi baada ya wiki mbili."

Mhandisi alimtazama, kisha akatazama visiki. "Na mimi nitawaambia hivyo hivyo," alisema. "Kwamba sina mpiga ishara kwa wiki mbili."

Mchepuko ulikatwa upande wa juu wa mto, mbali na mahali ambapo kreni ingeweza kufika hata ikinyoosha mkono wote. Waliweka makalavati, wakashindilia kifusi, wakaweka vigingi vilivyopakwa chokaa. Haukuwa mzuri. Mvua ikinyesha uliteleza. Lakini pikipiki ilipita, na mtu na baiskeli yake yenye mikungu alipita, na tuta la zamani lilifukuliwa likaondolewa kabisa ili pasiwe na mahali pa mtu kujaribu.

Siku ya kwanza Xaveria alizunguka kreni mara mbili na opereta mpya. Waligusa kila waya. Mbao moja chini ya mguu wa nyuma ilikuwa na ufa, wakaibadilisha. Kisha akaenda kusimama mahali pake, akainua mkono, kidole kikazunguka, na boriti ikaondoka kwenye gari.

Pikipiki zilikuwa zinapita kule mchepukoni moja baada ya nyingine. Wengi hawakutazama upande wake. Jovin hakuwamo. Mkono wake ulikuwa umeunga vibaya na haukuweza tena kuvuta mafuta, kwa hiyo pikipiki yake ilikuwa inaendeshwa na mtu mwingine. Boriti ilikuwa imefika katikati ya mto mwendeshaji mmoja alipopunguza mwendo, akasimama kwenye vigingi vya chokaa, akakusanya mikono mdomoni.

"Muuaji!" alipaza sauti. "Ulimuua Ambrose!"

Wafanyakazi wawili waligeuka. Opereta mpya naye aligeuza kichwa kidogo, na Xaveria akatikisa mkono wake kwa ukali mpaka macho ya opereta huyo yakarudi kwake. Yeye mwenyewe hakugeuka. Boriti ilikuwa bado haijatua.